Somerville: Admirali aliyehepesha manowari hadi Kilindini

Najua ukifika Old Town unapiga picha Fort Jesus, unakula viazi karai, umemaliza Mombasa. Zii. Upande wa pili wa kisiwa kuna Kilindini, na hapo kuna stori nzito ya nyambizi.

James Somerville alizaliwa Uingereza 1882. 1939 jeshi la wanamaji lilimstaafisha, madaktari wakisema ana TB. Vita ikalipuka, akarudi job. Julai 1940 aliamriwa azipige meli za Wafaransa, mabeshte wa juzi tu, huko Mers-el-Kébir, Algeria, zisiangukie Hitler. Hakuipenda hiyo kazi, lakini aliifanya. Wafaransa karibu 1,300 walikufa.

Machi 1942 akapewa Bahari ya Hindi. Sasa cheki hesabu. Aprili, Japani ilikuja Sri Lanka na manowari 5 za kubeba ndege. Yeye alikuwa na 3, na moja, Hermes, ikazamishwa. Nyambizi zake zilikuwa za kuhesabu, juu nyingi za Uingereza zilikuwa zinapigana Ulaya. Ungekuwa yeye ungefanya nini? Jamaa alihepa, kambi ikawa Kilindini.

Lakini Wajapani walikuja hadi huku. Usiku wa Mei 30, nyambizi zao ndogo ziliingia Diego Suarez, Madagascar, zikatoboa manowari Ramillies na kuzamisha meli ya mafuta. Juni na Julai, zile kubwa zikamaliza meli za mizigo zaidi ya 20 kati ya Madagascar na Msumbiji. Waingereza nao walikuwa wamejifungia shule ya Allidina Visram, hapo hapo kisiwani, wakifungua siri za redio za Japani.

Ngori kubwa ilikuja Februari 1944, Somerville akiwa bado bosi. Khedive Ismail ilitoka Kilindini kwenda Colombo, imebeba wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki. Tarehe 12 nyambizi I-27 ikaipiga, ikazama kwa dakika chache. Manowari zilizoisindikiza zikarusha mabomu kuitafuta nyambizi, na watu wetu bado wanaelea juu yake. I-27 ilizamishwa, sawa. Lakini watu karibu 1,300 walikuwa wameenda.

Somerville alikufa 1949, na cheo cha juu kabisa cha wanamaji. Wale vijana hawana hata kaburi. Ukipanda feri ya Likoni, jua unakatiza njia waliyotokea.