Zavoisky na Vipimo Visivyorudi

Mwaka wangu wa tatu wa fizikia nusura uishie kwenye kupika data. Wanaosoma sayansi mnanielewa. Unapima mara 11, vipimo vitatu vinakubaliana na nadharia, vinane vinakwenda vinakojua vyenyewe, na ripoti inatakiwa Ijumaa. Wakati huohuo kuna faili la mwaka jana linazunguka kwenye simu za watu, namba zake zimenyooka kama za kitabuni. Nilikuwa nimeshalifungua. Jioni hiyo nikawa natafuta mistari miwili mitatu ya utangulizi, maana jaribio lenyewe lilikuwa la resonansi ya sumaku ya elektroni na sikujua hata nani alilianzisha. Nikakutana na Yevgeny Zavoisky. Ripoti ikalala hadi alfajiri.

Alizaliwa 28 Septemba 1907 huko Mogilev-Podolsky, mji ambao leo uko Ukraine, mtoto wa daktari wa jeshi. Hakukulia huko. Alikuwa bado mchanga familia ilipohamia Kazan, mji wa Watatari kando ya mto Volga, na Kazan ndiyo ikawa kwao. Baba alifariki watoto wakiwa bado wadogo, ikaja njaa ya baada ya mapinduzi, familia ikahama tena, ikarudi. Mwaka 1926 akaingia Chuo Kikuu cha Kazan, akamaliza 1930, akabaki palepale kufundisha na kutafiti.

Chuo hicho nacho kina mambo. Kilianzishwa 1804. Lobachevsky, yule wa jiometri isiyo ya Euclid, aliwahi kuwa mkuu wake. Madini ya rutheni yaligunduliwa humo mwaka 1844. Lenin alifukuzwa humo 1887 kwa kushiriki maandamano ya wanafunzi (najua viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi wataipenda hii). Pamoja na sifa zote hizo, kilikuwa chuo cha mkoani. Vifaa vya maana na wakubwa wa fizikia walikuwa Moscow na Leningrad. Kazan ulikuwa unatengeneza mwenyewe.

Na Zavoisky alikuwa mtu wa kutengeneza. Tangu akiwa mwanafunzi alipenda redio, na swali lililomkaa kichwani halikuwa jinsi ya kurusha matangazo mbali zaidi, bali mawimbi ya redio yanaifanya nini maada yanapopita ndani yake.

Hapa naomba dakika moja ya fizikia, hata kwa ndugu zetu wa sheria. Elektroni ni kama pia inayozunguka, tena ni sumaku ndogo. Ukiiweka ndani ya uga wa sumaku, inayumba kama pia inavyoyumba, kwa mwendo maalumu unaotegemea nguvu ya uga huo. Ukiipiga na mawimbi ya redio yenye mwendo uleule, inameza nishati. Ukikosea mwendo, haishtuki. Ni kama kusukuma bembea: sukuma kwa wakati wake inapanda, sukuma ovyo unaumia mkono. Viini vya atomu navyo vingi ni sumaku, ila dhaifu mno. Sumaku ya protoni ni ndogo kuliko ya elektroni karibu mara 660. Shikeni namba hiyo, ndiyo iliyoamua maisha ya huyu bwana.

Miaka ya 1930 watu walikuwa wanawinda viini. Gorter, Mholanzi, alijaribu 1936 kwa kupima joto la sampuli, akitegemea kwamba ikimeza nishati itapata moto kidogo. Hakupata kitu. Rabi huko Marekani alifanikiwa 1938, lakini kwa molekuli zinazorushwa kama mkondo ndani ya ombwe, siyo kwa kipande cha kitu cha kawaida mezani. Zavoisky akaona tatizo la Gorter ni kusikiliza mahali pasipofaa. Badala ya kupima joto, yeye akawa anaitazama jenereta yenyewe ya redio: sampuli ikimeza nishati, mkondo kwenye gridi ya valvu lazima utikisike kidogo. Yaani usimwangalie anayekula, angalia sufuria.

Mwaka 1941, pamoja na wenzake Altshuler na Kozyrev, alianza kuwinda protoni kwa njia hiyo. Na inaonekana walizipata. Ishara ilitokea. Halafu ikapotea. Ikatokea siku nyingine, ikapotea tena. Leo maelezo yanayokubalika ni kwamba sumaku yao ilikuwa mbovu kwa kazi ile: uga wake haukuwa sawa kila mahali, kwa hiyo protoni za upande mmoja wa sampuli ziliyumba kwa mwendo wao na za upande wa pili kwa wao, ishara ikatawanyika hadi ikazama kwenye kelele. Yeye alichokuwa nacho mkononi ni vipimo visivyorudi. Hakuvitangaza.

Nilisimama hapo muda mrefu. Angevitangaza, hata kwa tahadhari, historia ingemweka wapi? Sidhani kuna anayeweza kujibu kwa uhakika. Mimi nilikuwa na mtambo mzuri kuliko wake, koili mpya kuliko zake, na faili la mwaka jana liko wazi.

Juni 1941 Ujerumani ikaivamia Umoja wa Kisovieti. Altshuler akaenda vitani. Taasisi za sayansi za Moscow na Leningrad zikahamishiwa Kazan kukwepa mabomu, na chuo kikalazimika kuwapisha wageni vyumba. Kazi ya Zavoisky ikasimama. Aliporudi mezani, kama 1943, alibadilisha mawindo: akaacha viini, akageukia elektroni.

Mnaona akili ya uamuzi huo? Nilipiga hesabu mwenyewe. Kwa mawimbi ya megahezi 133, ambayo aliyatumia, protoni inahitaji uga wa gausi kama 31,000, yaani sumaku kubwa, ya gharama, na iliyo sawasawa kila mahali. Elektroni inahitaji kama gausi 48. Hiyo ni kama mara 100 tu ya sumaku ya dunia. Koili ya waya unayoisokota mwenyewe inatosha. Mtu asiye na sumaku nzuri akachagua swali lisilohitaji sumaku nzuri.

Akaongeza ujanja wa pili, ambao kwangu ndio moyo wa kazi yake. Ukitaka kumsikia mwenzako katikati ya makelele ya stendi, kupaza sauti hakusaidii, kila konda anapaza. Mwambie apige makofi kwa mpigo mliokubaliana, nawe sikiliza mpigo huo tu. Zavoisky aliufanya uga wa sumaku upande na kushuka kwa mpigo wa taratibu, sampuli ikawa inapita kwenye resonansi tena na tena, na badiliko dogo la mkondo likawa linarudi kwa mpigo uleule. Kelele haifuati mpigo. Akalikuza badiliko hilo, akalitazama kwenye osiloskopu. Januari 1944, kwenye chumvi za shaba na manganizi, mchirizi ukainuka pale ulipotakiwa kuinuka, na kesho yake ukainuka tena.

Moscow hawakuamini haraka. Mtu wa mkoani, vifaa vya kuunganisha mwenyewe, ugunduzi wa namna hii katikati ya vita? Ikabidi ausimike upya mtambo wake katika taasisi ya Kapitza huko Moscow, mbele yao, na ishara ikatokea. Januari 1945 akatetea tasnifu yake ya udaktari. Miezi michache baadaye vita vikaisha, na kufikia mwanzoni mwa 1946 Purcell huko Harvard na Bloch huko Stanford, wote wakitoka kwenye kazi za rada zenye vifaa vya kila aina, walikuwa wameisikia protoni. Nobel yao ikaja 1952. Kutoka protoni hizo ndiko zilikotoka mashine za MRI za hospitalini.

Kilichofuata kwa Zavoisky nitakipita upesi, maana yeye mwenyewe hakuruhusiwa kukisimulia. Mwaka 1947 alihamia Moscow kwa Kurchatov, akaingizwa kwenye mradi wa bomu la nyuklia, akatumia ujuzi wake wa sumaku kupima milipuko. Resonansi akawaachia wenzake wa Kazan. Altshuler, aliyerudi hai kutoka vitani, na Kozyrev wakaiendeleza. Baadaye Zavoisky alifanya kazi kubwa kwenye vifaa vya kunasa mwanga hafifu sana na kwenye plazma. Nchi yake ilimpa Tuzo ya Lenin kwa resonansi mwaka 1957, miaka 13 baada ya ule mchirizi, na uanachama kamili wa Akademia mwaka 1964. Alipendekezwa pia kwa Nobel. Hakuipata. Nakiri inaniuma kuliko inavyopaswa kumuuma mtu aliyezaliwa miongo kadhaa baada ya mambo hayo.

Alifariki Moscow 9 Oktoba 1976. Mwaka uliofuata jumuiya ya kimataifa ya resonansi ya sumaku ikamtunuku tuzo yake, mwenyewe akiwa kaburini.

Ripoti niliipeleka Ijumaa mchana na vipimo vyote 11. Niliongeza nusu ukurasa: nilikuwa nimesogeza sampuli sentimita moja kutoka katikati ya koili na namba zikahama, kwa hiyo huenda vile vinane havikuwa vya uongo, vilikuwa vimepimwa pembeni. Nilipata 13 kati ya 20. Msimamizi aliuliza kwa nini sikurudia nikiwa nimeiweka katikati. Nikamwambia zamu yangu ya mtambo iliisha saa kumi, na aliyefuata alikuwa ameshafika na daftari lake mlangoni.