Frédéric Le Play, injinieri wa mine aliyehesabu chumvi ya wachimbaji

Wakubwa wa kompani wakijua mushahara wa baba, wanafikiri wamekwisha kujua maisha ya nyumba. Mama wa nyumba anajua kama si vile. Kuko shamba ndogo nyuma ya kiwanja, kuko deni kwa muuza unga, kuko samaki ambayo shemeji alituma toka Bukama. Leo tunawaletea maisha ya mutu aliyeandika mambo kama hayo yote mu kitabu, franka kwa franka. Alikuwa mutu wa mine, Mfaransa.

Frédéric Le Play alizaliwa tarehe 11 Aprili 1806, karibu na Honfleur, bandari ya Normandie. Baba yake, mutu wa duane, alikufa yeye angali mutoto. Alisoma Polytechnique, kisha Shule ya Mine ya Paris. Mwaka 1829 akatoka na mwenzake Jean Reynaud, wakatembea kwa miguu mu Ujerumani mpaka milima ya Harz, kwenye watu walichimba feza na risasi tangu babu zao. Alikwenda kuangalia mashimo na matanuru. Akaangalia na masufuria.

Mwaka 1830 dawa ya maabara ilimlipukia, ikamuunguza mikono vibaya. Aliteseka miezi mingi. Mwaka ule ule, Paris ilikuwa mu mapinduzi, watu wanauana ku barabara. Pale kitandani njo aliamua kutafuta kinachovunja amani kati ya mufanyakazi na bwana wake. Mwaka 1840 akawa mwalimu wa kuyeyusha madini mu ile shule yake, lakini kila mara alirudi ku safari. Alifika mpaka Urusi, akasimamia mine za familia ya Demidov mu milima ya Ural.

Kazi yake ilikuwa hivi. Anaingia kwa familia moja, anakaa nayo siku nyingi, anaandika kila kinachoingia na kila kinachotoka: mukate, chumvi, mafuta ya taa, kodi, pombe ya baba, viatu vya watoto. Mboga ya shamba, hata haikununuliwa, naye aliitia bei. Na alilipa watu muda aliowapotezea, jambo ambalo wengi wanaokuja kutuuliza maswali wamesahau. Mwaka 1855 alitoa kitabu cha Ouvriers européens, familia 36, na mwaka uliofuata Academie ya sayansi ikamupa zawadi. Ernst Engel, Mjerumani aliyesomea mine ku Freiberg na kumjua Le Play ku Paris, alichukua njia hiyo akaitumia juu ya hesabu za familia za wafanyakazi wa Ubelgiji. Mwaka 1857 akaonyesha kama nyumba ikizidi kuwa maskini, sehemu kubwa zaidi ya franka zake inakwenda ku chakula. Mama yeyote wa Kamina anayegawa franka za bukari na sombe alikuwa anajua, lakini sasa ilikuwa na namba.

Lakini tuseme wazi kosa lake. Zile familia 36 alizichagua mwenyewe, kwa kuuliza wakubwa wa pale ni familia gani inafanana na zingine. Sasa mukubwa atakuonyesha nani? Atakuonyesha nyumba yenye heshima, baba anayefika kazini. Mujane na mulevi, na kijana aliyefika jana kutafuta kazi, hawamo. Le Play alikufa Paris tarehe 5 Aprili 1882, akiamini jicho lake lilitosha.

Mwaka 1895, ku Bern, Anders Kiær wa Norvege alitetea mbele ya wenzake kuchukua sehemu ya watu inayofanana na inchi nzima. Mwaka 1934, Jerzy Neyman akaeleza ku London kwa nini kura inapita jicho. Mu mutaa wenye nyumba 200, kama unataka 10, unaandika zote, unapiga kura kati ya 1 na 20. Ikitoka 7, unaingia ya 7, ya 27, ya 47, mpaka mwisho. Hakuna chifu wala mukubwa wa kompani anayeonyesha mulango.

Kwetu, Institut National de la Statistique ilifanya uchunguzi wa 1-2-3 mwaka 2004 na 2005, tena 2012, ikiuliza kazi, biashara ndogo na matumizi ya nyumba. Wanachota kwanza mitaa, kisha nyumba. Hesabu ya watu wote ya mwisho ni ya 1984, kwa hiyo orodha za zamani hazijui nyumba zilizojengwa nyuma yake. Lazima kupita kuziandika upya. Mutu wa uchunguzi akiruka kwako akaingia kwa jirani mwenye baraza nzuri, si zarau, ni kura. Lakini akikuta nyumba ya mujane imefungwa kwa sababu mama yuko ku soko, akaingia ya pembeni juu ya jua kali, amerudia kosa la Le Play. Mumwambie arudi magaribi, mama atakuwa amefika.