Karl von Frisch, mtaalamu aliyegundua harufu ya hofu majini

Kwa wakaazi wa Kinindo, kusini mwa jiji la Bujumbura, mukeke, sangala na ndagala ni kitoweo na biashara. Ni nadra mtu kujiuliza iwapo samaki hunusa. Aliyeonyesha kwamba uhai wa samaki unaweza kutegemea pua yake ni Karl von Frisch, aliyezaliwa Vienna, Austria, tarehe 20 Novemba 1886, mwana wa daktari mpasuaji.

Tangu ujana wake alikaidi wakubwa wa elimu. Walipodai kuwa samaki haoni rangi, alithibitisha kwamba anaziona. Walipodai kuwa ni kiziwi, alimfuga samaki kipofu wa jamii ya kambare, akawa anampigia mluzi kila alipomlisha. Baada ya siku chache, mluzi pekee ulitosha kumtoa mafichoni.

Ugunduzi wa harufu ulikuja bila kutafutwa. Von Frisch, wakati huo profesa mjini Munich, alimjeruhi kidogo samaki mmoja mdogo ili apate kumtambua, kisha akamrudisha kwa wenzake. Kundi zima lilishikwa na hofu, likatawanyika. Mwaka 1938 alitangaza sababu yake: ngozi ya samaki huyo, ikichanika, hutoa kemikali ambayo wenzake huinusa na kukimbia. Ngozi nzima haitoi kitu. Wala samaki aliyekatwa neva za kunusa hakushtuka. Aliendelea kuogelea palepale penye hatari. Kemikali hiyo ipo katika kundi kubwa la samaki wa maji baridi, wakiwemo kambare.

Uzito wa jambo hili ulizidi kuonekana baadaye. Chembe za kunusia za samaki zimo ndani ya vishimo vya pua na huguswa moja kwa moja na maji, hivyo sumu iliyomo majini huzifikia bila kizuizi. Watafiti waliomfuata walibaini kwamba shaba, hata ikiwa kidogo mno, hupumbaza pua ya samaki kwa muda wa saa chache tu. Dawa kadhaa za kuua wadudu mashambani huleta madhara kama hayo. Samaki hafi, wala hana alama yoyote mwilini, lakini onyo la mwenzake aliyeumwa halimfikii tena, na adui humkuta ametulia. Chembe hizo huweza kuota upya, ila kwa sharti kwamba maji yasafike. Kwa jiji ambalo maji yake machafu huishia Ziwa Tanganyika, hilo si jambo la mbali.

Von Frisch mwenyewe aliponea chupuchupu. Mwaka 1941 utawala wa Kinazi uliamua kumfukuza chuoni kwa kuwa bibi yake mmoja alikuwa na asili ya Kiyahudi. Kilichomwokoa si samaki, ni nyuki: ugonjwa ulikuwa ukiangamiza mizinga, serikali ikahofia mavuno, na yeye ndiye aliyekuwa bingwa wa wadudu hao. Kufukuzwa kwake kukaahirishwa hadi vita viishe.

Nyuki hao ndio waliompa umaarufu, kwa jinsi alivyoifasiri ngoma yao ya kuelekezana kwenye maua. Mwaka 1973 alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Konrad Lorenz na Nikolaas Tinbergen. Alifariki dunia mjini Munich tarehe 12 Juni 1982, akiwa na umri wa miaka 95.