Nernst na Kijiti cha Oksidi

Chungu chekundu kinachouzwa katika masoko ya Kitui na Makueni, kikishachomwa, aghalabu ni oksidi za silikoni na alumini, na wekundu wake ni oksidi ya chuma. Nashangaa kuona wasomi wetu wakikidharau, ilhali mwanakemia mmoja mashuhuri alipata utajiri kwa kitu cha ukoo uo huo.

Walther Nernst alizaliwa mwaka 1864 huko Briesen, mji wa Prussia ambao leo uko Poland. Baba yake alikuwa hakimu. Wanafunzi wa vyuo humjua, na wengine humwogopa, kwa mlingano wake wa 1889 wa kukokotoa volti ya seli. Mimi navutiwa zaidi na taa aliyoivumbua mwaka 1897 akiwa Göttingen. Alioka kijiti cha zikonia iliyochanganywa na oksidi ya itriamu, jinsi chungu kiokwavyo. Kikiwa baridi, kijiti hicho karibu hakipitishi umeme. Kikipashwa moto, huupitisha na kutoa nuru nyeupe. Siri yake ilikuja kuelezwa na Carl Wagner mwaka 1943: itriamu huacha nafasi tupu ndani ya zikonia, nazo ayoni za oksijeni huhama kutoka nafasi moja hadi nyingine.

Nernst aliuza hataza ya taa hiyo kwa kampuni ya AEG, akapata fedha nyingi. Alipenda motokaa kupindukia. Baadaye balbu za nyuzi za tungsteni ziliiondoa taa yake sokoni, naye akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 1920 kwa kazi yake juu ya joto. Vita Vikuu vya Kwanza vilimpokonya wana wake wawili. Katika vita hivyo alishiriki utafiti wa gesi za kivita, na doa hilo sioni sababu ya kuwaficha wanafunzi. Wanazi walipotawala alijitenga, kwani mabinti zake wawili walikuwa wameolewa na Wayahudi. Alifariki mwaka 1941.

Kijiti chake hakikufa. Mwaka 1937 Baur na Preis walikitumia kuunda seli inayogeuza fueli kuwa umeme. Tangu 1976 kauri hiyohiyo imetiwa katika bomba la moshi la magari: upande mmoja moshi, upande wa pili hewa safi, na tofauti ya oksijeni huzaa volti inayofuata mlingano wake wa zamani. Madaktari wa meno nao huitumia kutengenezea meno bandia.

Nasi je? Kati ya 2013 na 2024 mchanga wa Kwale ulichimbwa, na zikoni, madini yanayotoa zikonia, ikapakiwa melini ikiwa ghafi. Mchanga wa mito ya Kitui na Makueni nao umekuwa ukipakiwa malorini kwenda kujenga Nairobi, bila wengi wetu kuuliza una nini. Ndiyo maana napendekeza kila shule iliyo karibu na Thwake au Tiva ipeleke sumaku mtoni. Punje nyeusi zitakazonata ni oksidi ya chuma, ileile ambayo wahunzi wa Kikamba waliiyeyusha zamani kufulia mishale.