Albert Camus: Mshindi wa Nobel aliyemkumbuka mwalimu wake wa shule ya msingi

Oktoba 1957, habari zilisambaa Paris kwamba mwandishi Albert Camus ameshinda Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Alikuwa bado hajatimiza miaka 44. Kabla yake, ni Rudyard Kipling wa Uingereza peke yake aliyewahi kupata tuzo hiyo akiwa na umri mdogo zaidi.

Pongezi zikamiminika. Camus akangoja kelele zitulie kidogo, kisha tarehe 19 Novemba akakaa kuandika barua fupi. Haikwenda kwa waziri wala kwa mwandishi mwenzake. Ilikwenda kwa Louis Germain, mzee aliyemfundisha shule ya msingi mjini Algiers. Camus alimweleza kwamba aliposikia habari ile, mtu wa kwanza kumfikiria alikuwa mama yake, na wa pili ni yeye mwalimu.

Zaidi ya miaka 30 ilikuwa imepita. Kwa nini hakumsahau?

Bibi ndiye mwenye kauli

Camus alizaliwa tarehe 7 Novemba 1913 huko Mondovi, mashariki mwa Algeria, nchi iliyokuwa ikitawaliwa na Ufaransa. Kabla hajatimiza mwaka mmoja, baba yake alijeruhiwa katika mapigano ya Marne, Vita vya Kwanza vya Dunia, akafariki Oktoba 1914.

Mama yake, Catherine, alikwenda kuishi na wanawe wawili kwa mama yake mzazi, mtaa wa Belcourt, Algiers. Mama huyo alikuwa na shida ya kusikia, hakujua kusoma wala kuandika, na riziki aliipata kwa kufanya usafi kwenye nyumba za watu. Familia nzima ilibanana kwenye vyumba vitatu, bila umeme wala maji ya bomba. Kitabu hakikuwepo hata kimoja.

Mwenye kauli ya mwisho nyumbani alikuwa bibi, mama mkali asiyependa mchezo. Mpango wake ulieleweka: mtoto akimaliza shule ya msingi, atafute kazi alete hela. Na kwa hali ile, nani angemlaumu?

Mwalimu apiga hodi

Germain aliwahi kupigana vita vile vile vilivyomuua baba yake Camus, na watoto walioachwa yatima na vita aliwahurumia kwa namna ya pekee. Darasani hakuwa mtu wa kubembeleza, ila kila mtoto alijua kwamba anathaminiwa.

Alipoona kijana huyu ana kichwa, aliamua afanye mtihani wa kupata ufadhili wa kusoma sekondari. Kila siku baada ya masomo alibaki na wanafunzi wachache, Camus akiwa mmoja wao, akawafundisha saa mbili za ziada. Hakudai hata senti.

Kikwazo kikawa bibi. Sekondari maana yake ni miaka mingi ya mtoto kula bila kuleta kitu. Mwalimu akafunga safari hadi Belcourt, akaketi na familia, akawaeleza kuhusu ufadhili na maisha ambayo mtoto angeweza kuyapata. Bibi akakubali.

Mwaka 1924 Camus alifaulu, akaingia sekondari kubwa ya Algiers. Tusisahau kwamba katika Algeria ile watoto wengi wa Kiarabu na Kiberberi hawakupata hata hiyo nafasi ya kuingia darasani. Mlango ulikuwa mwembamba, na Camus aliupita kwa sababu kuna mtu aliyeushikilia usifungwe.

Mwenyewe akakosa ualimu

Mwaka 1930, akiwa na miaka 17, aliugua kifua kikuu. Safari hii pia alipata mwalimu wa kumjali: Jean Grenier, aliyemfundisha falsafa, alimfuata nyumbani kumjulia hali. Baadaye Camus alimtunukia kitabu chake cha kwanza, kilichotoka 1937.

Ugonjwa huo huo ulimfungia njia ya kuwa mwalimu wa serikali, kwani afya yake haikukidhi masharti. Akaingia kwenye uandishi wa habari, kisha zikaja riwaya zilizomfanya ajulikane duniani: L'Étranger ya 1942 na La Peste ya 1947.

Alipokabidhiwa Nobel mjini Stockholm Desemba 1957, alitoa hotuba. Hotuba hizo za Sweden zilipochapishwa kuwa kitabu, jina alilolitanguliza ni la Louis Germain.

Kitabu ambacho hakukimaliza

Aprili 1959 mzee Germain alimwandikia barua ndefu. Mbele yake alikuwa na mtu mzima wa miaka 45, maarufu duniani, lakini bado alimwita kama anavyoitwa mtoto mdogo anayependwa.

Miezi michache baadaye, tarehe 4 Januari 1960, Camus alifariki kwa ajali ya gari karibu na Villeblevin, Ufaransa. Mfukoni alikuwa na tiketi ya treni ambayo hakuitumia. Kwenye mkoba wake ilikutwa miswada ya riwaya aliyokuwa akiiandika, kurasa 144 za mwandiko wa mkono.

Binti yake, Catherine, aliichapisha mwaka 1994 kwa jina la Le Premier Homme. Ndani yake yumo mtoto maskini wa Algiers, bibi mkali, mama asiyejua kusoma, na mwalimu anayekuja nyumbani kumwombea mwanafunzi wake. Mwishoni mwa kitabu zimewekwa barua mbili: ile ya Camus kwa mwalimu wake, na ile ya mwalimu kwa mtoto wake wa darasani.