Jefferson na Hongo ya Tripoli

Wanachuo wenzangu, Thomas Jefferson wengi tunamjua kwa jambo moja: ndiye mwandishi mkuu wa Azimio la Uhuru la Marekani la 1776. Tukishalitaja hilo, tunarukia kwa Lincoln. Mimi nataka nimsimulie kwa upande wa mabaharia waliotekwa, maana naona sehemu ya sera ya nje ya Marekani ilizaliwa huko.

Jefferson alizaliwa Virginia mwaka 1743, mtoto wa mwenye mashamba. Alisoma sheria, akaingia siasa, na mwaka 1784 akapelekwa Paris kuiwakilisha nchi changa kweli kweli. Serikali yake kuu haikuwa na rais wala uwezo wa kutoza kodi, na mwaka 1785 iliuza manowari yake ya mwisho kwa sababu ya ukata. Wakati wa ukoloni meli za Wamarekani zilipita Bahari ya Mediterania chini ya kinga ya Uingereza. Baada ya uhuru, kinga hiyo haikuwepo tena.

Dola za pwani ya Afrika Kaskazini, yaani Moroko, Algiers, Tunis na Tripoli, zilikuwa na utaratibu wao: anayetaka kupita salama alipe. Jambo hili sisi tuna neno lake. Ni hongo, kwa ile maana ya zamani, malipo ambayo misafara ya karne ya 19 iliwapa watemi wa Ugogo ili ipite. Hata mataifa makubwa ya Ulaya yalilipa. Julai 1785 Algiers ikakamata meli 2 za Marekani zikiwa na mabaharia 21. Machi 1786 Jefferson na John Adams walikutana London na mjumbe wa Tripoli, wakatajiwa bei ambayo nchi yao haikuwa na uwezo nayo.

Hapo marafiki hawa wawili wakatofautiana. Adams aliona vita ni ghali kuliko malipo, basi bora kulipa. Jefferson aliona ukilipa leo, kesho bei itapanda, kwa hiyo afadhali fedha hizo zijenge manowari. Akapendekeza hata mataifa kadhaa yaungane kulinda bahari kwa zamu. Wazo zuri, lakini fedha zitoke wapi? Halikufika popote. Baadhi ya wale mabaharia walikaa utekwani zaidi ya miaka 10, na wengine walifia hukohuko. Marekani ikapata katiba mpya, mwaka 1794 ikapitisha sheria ya kujenga manowari 6, na bado mwaka uliofuata ikakubali kuilipa Algiers.

Jefferson akawa rais Machi 1801. Pasha wa Tripoli, Yusuf Karamanli, alitaka nyongeza, hakuipata, na tarehe 14 Mei akaamuru mlingoti wa bendera ya Marekani ukatwe. Hiyo ilikuwa namna yake ya kutangaza vita. Kesho yake Jefferson alikutana na mawaziri wake Washington, bila habari yoyote ya mlingoti, na wakaamua kutuma manowari Mediterania. Jamani, hebu fikirieni uamuzi wa vita katika dunia ambayo barua inachukua wiki kadhaa!

Sasa swali likawa la kikatiba. Je, rais anaweza kupigana kabla Bunge halijaamua? Agosti 1801 manowari Enterprise iliishinda meli ya Tripoli, ikaivua silaha na kuiachia, na Jefferson akalieleza Bunge kwamba bila idhini yake asingeweza kuvuka mpaka wa kujilinda. Wapinzani wake wakamcheka. Februari 1802 Bunge likampa ruhusa ya kutumia nguvu, bila kutangaza vita rasmi. Njia hiyo ya katikati, idhini bila tangazo, marais waliofuata wameitumia mara nyingi mno.

Vita yenyewe haikuwa lelemama. Oktoba 1803 manowari Philadelphia ilikwama mwambani karibu na Tripoli, na watu 307 wakatekwa. Februari 1804 Stephen Decatur na wenzake waliingia bandarini usiku wakaichoma isije ikatumiwa na adui. Mwaka 1805 William Eaton alimchukua Hamet, kaka wa Pasha aliyekuwa uhamishoni, akavuka naye jangwa kutoka Misri akiwa na wanamaji wachache na mamia ya askari wa kukodi, wakauteka mji wa Derna. Ndiyo Derna ileile iliyosombwa na mafuriko mwaka 2023. Lengo lilikuwa kumweka Hamet kwenye kiti. Mara mjumbe wa Jefferson akasaini amani na Yusuf, akalipa dola 60,000 kuwakomboa mateka, na Hamet akaachwa kwenye mataa.

Kwa hiyo mtu aliyekataa kulipa, mwishoni alilipa. Tofauti ni kwamba malipo ya kila mara kwa Tripoli yaliisha, na Marekani ikajifunza kuweka manowari mbali na nyumbani kulinda biashara yake. Mwaka 1815, Jefferson akiwa amestaafu, Decatur alirudi na manowari hadi Algiers na hongo ya huko nayo ikakoma. Lakini ilijifunza pia kumbeba mpinzani wa mtawala wa nchi nyingine, kisha kumtupa akishamaliza kazi. Hilo nalo tumeliona likirudiwa.

Kuna doa ambalo siwezi kuliruka. Huyu aliyeumizwa na Wamarekani kufanywa watumwa Afrika, katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 600, wote wenye asili ya Afrika. Mwaka 1806 alisaini sheria ya kukata biashara na Haiti, nchi ya watu waliojikomboa kutoka utumwani. Benjamin Franklin aliuona unafiki wa nchi hiyo mapema, akaukejeli gazetini mwaka 1790, wiki chache kabla ya kufa.

Jefferson alifariki tarehe 4 Julai 1826, siku moja na Adams. Mimi nakubaliana naye kwamba taifa linalonunua usalama wake halina uhakika nao. Ila kwenye midahalo yetu, kiongozi yeyote akisema anapigania uhuru wa watu wake, tumuulize kwanza anaowahesabu kuwa watu wake ni akina nani.