Msichana wa Ndani Aliyefika Hadi Nyasa



Leo nakuletea maisha ya mtakatifu ambaye picha yake umeiona mara nyingi: yule mtawa kijana aliyekumbatia msalaba na maua ya waridi. Ni Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, ambaye sikukuu yake tunaiadhimisha kila tarehe 1 Oktoba. Ila nataka tumwangalie kwa upande ambao mara nyingi tunauruka. Teresia alikuwa mkimya, mtu wa ndani, mtu wa nyumbani kabisa.

Nina sababu ya kumchagua. Mimi ni frateri, nimemaliza masomo ya falsafa, na kwa asili napenda kukaa ndani. Kwetu ni Mpale, wilaya ya Korogwe. Kijijini mtu asiyeonekana kwenye msaragambo wala barazani jioni hachelewi kupewa jina. Ataambiwa anajisikia, ataambiwa hana watu. Zamani kijana wa namna hiyo hakuwa na pa kujificha, maana maji ni ya kuteka na kuni ni za kutafuta, na huko njiani utakutana na watu tu, utake usitake. Siku hizi kuna simu. Ukiwa na bando na chaji, unaweza kukaa chumbani wiki nzima na bado ukajiona uko na watu. Uko kwenye kundi la VIWAWA, la kwaya, la darasa, la ukoo. Unachati, unatuma alama ya mikono ya kusali, basi umeshiriki msiba.

Vijana kadhaa wameniuliza swali hilihili: Frateri, mimi mikusanyiko inanichosha. Nikikaa ndani na simu yangu, nikasali, nisimkosee mtu, kuna tatizo gani?

Swali ni la haki kabisa. Tumwangalie Teresia.

Mtoto aliyenyamaza

Teresia alizaliwa tarehe 2 Januari 1873 mjini Alençon, Ufaransa. Baba yake, Louis Martin, alikuwa fundi saa. Mama yake, Zélie, alikuwa na biashara ya lesi. Walipata watoto tisa, wanne wakafariki wakiwa wadogo, wakabaki mabinti watano. Teresia ndiye aliyekuwa kitinda mimba, mchangamfu na mbishi kidogo.

Agosti 1877 mama akafa kwa saratani ya matiti. Teresia alikuwa na miaka minne na nusu, na tangu hapo tabia yake ikabadilika. Akawa mwenye haya, wa kulia kwa jambo dogo, asiye na raha isipokuwa akiwa na watu wa nyumbani kwao. Baba akaihamishia familia Lisieux, karibu na ndugu wa marehemu mkewe.

Akiwa na miaka minane na nusu alipelekwa shule kwa masista Wabenedikto. Darasani alifanya vizuri. Mapumziko ndiyo yaliyokuwa mateso, kwa sababu michezo ya wenzake hakuiweza, na kulikuwa na msichana mkubwa kuliko yeye aliyemwonea wivu na kumsumbua. Teresia alikuwa analia kimyakimya, wala hasemi. Mwaka 1886, akiwa na miaka 13, baba akamtoa, akawa anasoma kwa mwalimu wa peke yake.

Siku zisizo za shule alikuwa na mahali pake. Alijibanza kwenye nafasi kati ya kitanda na ukuta, akavuta pazia, akakaa anawaza juu ya Mungu na uzima wa milele. Baadaye akiwa mtawa ndipo alipotambua kwamba kumbe kule nyuma ya pazia alikuwa anasali.

Kwa hiyo, wewe mpenda kukaa ndani, usijione mtu wa ajabu ndani ya Kanisa. Bwana wetu mwenyewe alitufundisha kuingia chumbani na kufunga mlango tunaposali.

Mkimya si mwoga

Lakini Teresia hakubaki nyuma ya pazia. Usiku wa Noeli ya 1886 walirudi kutoka Misa, akamsikia baba yake, aliyekuwa amechoka, akilalamika kwamba ile desturi ya kumwekea binti zawadi kwenye viatu ni ya kitoto, afadhali huu ndio mwaka wa mwisho. Siku nyingine angelia mpaka asubuhi. Usiku ule alifuta machozi, akashuka, akafungua zawadi zake kwa furaha mbele ya baba. Yeye mwenyewe aliuona usiku ule kama mwanzo wa maisha mapya: upendo uliingia moyoni mwake, na haja ya kujisahau ili awafurahishe wengine.

Mwaka uliofuata alisikia habari za Pranzini, mtu aliyehukumiwa kifo kwa kuua watu watatu Paris na ambaye hakuonyesha kutubu. Teresia hakuwahi kumwona, ila alimwombea kwa nguvu zake zote. Pranzini aliuawa tarehe 31 Agosti 1887, na gazeti likaandika kwamba dakika ya mwisho aliubusu msalaba. Binti wa miaka 14, yuko nyumbani, akamhesabu muuaji yule kuwa mtoto wake wa kwanza wa kiroho.

Miezi michache baadaye, tarehe 20 Novemba 1887, alikuwa Roma mbele ya Papa Leo XIII. Mahujaji walikuwa wamekatazwa kusema chochote. Yule mwenye haya akapiga magoti, akamwomba Papa kwa mdomo wake amruhusu aingie utawani akiwa na miaka 15, mpaka walinzi wakamwondoa. Ukimya ni tabia ambayo mtu anazaliwa nayo, na Mungu anaitumia jinsi ilivyo. Uoga ni kitu kingine, nao unahitaji kuponywa.

Kule ndani alikuta watu

Tarehe 9 Aprili 1888 aliingia Karmeli ya Lisieux. Unaweza kudhani kwamba mpenda kukaa ndani amefika mbinguni: ukuta mrefu, mlango umefungwa, kimya siku nzima. Kumbe Wakarmeli wana pia saa mbili kila siku za kukaa pamoja, kazi za mikono mapajani, wakizungumza. Na wa kukaa naye humchagui wewe. Humo kulikuwa na dada zake wa damu, na kulikuwa na watawa ambao tabia zao zilimchosha kabisa.

Mmoja kila kitu chake kilimkera Teresia. Yeye akaamua kumtendea kama mtu anayempenda kuliko wote, akimsaidia na kumpa tabasamu lake zuri, mpaka yule sista siku moja akamuuliza ni kitu gani kwake kinamvutia hivyo. Kulikuwa na mzee mgonjwa, mkali, ambaye kumshika mkono na kumpeleka chumba cha chakula ilikuwa kazi ya kulaumiwa kila hatua. Teresia aliomba kazi hiyo mwenyewe. Kulikuwa na mwingine ambaye, wakifua, alimrushia maji machafu usoni bila kujua. Teresia hakuhama mahali pake.

Hapa ndipo napata jibu la swali letu. Chumba cha Karmeli kilikuwa na ukimya, ila hakikuwa na namna ya kumbloku mtu. Chumba chetu chenye simu kiko kinyume chake: ukimya hakina, maana kinapiga kelele mpaka saa sita usiku, na mtu anayetukera tunamwondoa kwa kidole kimoja. Tunakosa faida ya kuwa peke yetu, na tunakosa faida ya kuwa na watu.

Aristotle alifundisha kwamba mwanadamu ni kiumbe wa kijamii, na asiyehitaji wenzake ama ni mnyama ama ni mungu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilipokea wazo hilo, akalifafanua kwa kuwatazama wakaapweke watakatifu. Kwake, upweke unamfaa mtu aliyekwisha kuundwa katika fadhila, na mahali pa kuundwa kwa kawaida ni kati ya wenzetu. Hatuachi watu ili tuwakwepe.

Barua za kwenda na kurudi

Je, urafiki wa mbali hauna thamani? Hapana, Teresia anatusaidia hapo pia. Oktoba 1895 mseminari mmoja, Maurice Bellière, aliiandikia Karmeli akiomba mtawa wa kumwombea wito wake. Mama mkuu akampa Teresia kazi hiyo. Mwaka 1896 akaongezewa ndugu wa pili, Padre Adolphe Roulland, aliyekwenda China. Teresia alibandika ukutani, mahali pake pa kazi, ramani ya jimbo alilokwenda padre huyo.

Yeye na Maurice hawakuwahi kuonana. Barua zao zote ni 21, na 11 kati yake ni za Teresia. Zote zilipita mikononi mwa mama mkuu, kwa hiyo hakukuwa na la kificho. Maurice alikuwa amefiwa na mama yake siku chache baada ya kuzaliwa, na alikuwa kijana wa moyo dhaifu. Alimweleza Teresia makosa yake, na hofu yake kwamba akishafika mbinguni na kuyaona yote, atapunguza upendo. Teresia alimjibu kwamba itakuwa kinyume chake, atamwelewa zaidi. Aliandika hayo katikati ya mwaka 1897, kifua kikuu kimemmaliza.

Alifariki tarehe 30 Septemba 1897, akiwa na miaka 24, siku zilezile Maurice alipokuwa anavuka bahari kwenda Algeria kujiunga na Wamisionari wa Afrika, shirika lile lililopeleka Injili Karema, Tabora na Bukoba. Akapewa upadre mwaka 1901, akatumwa Nyasa, Malawi ya leo, ng'ambo ya ziwa letu. Huko hakudumu. Aliugua, akarudi Ufaransa, akafa mwaka 1907 katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Caen, akiwa na miaka 33. Ni hospitali ileile ambamo baba yake Teresia alikaa miaka mitatu. Kwa macho ya watu, hakuna ushindi hapo. Lakini kijana yule alikwenda Afrika akijua kwamba kuna mtu aliyezijua aibu zake na bado akampenda.

Mwaka 1927 Papa Pius XI alimtangaza Teresia kuwa msimamizi wa wamisionari, sawa na Mtakatifu Fransisko Ksaveri aliyefika India na Japani. Yule wa ndani na yule wa safari, heshima moja.

Basi, kijana mwenzangu, kaa ndani kwa amani kama ndivyo ulivyoumbwa. Ila nusu saa kwa siku simu iwe chumba kingine, ili chumba chako kiwe Karmeli kweli. Kati ya namba zote ulizonazo, awepo walau mmoja anayejua udhaifu wako na unayemwombea kwa jina. Na siku ya jumuiya, nenda. Kaa karibu na yule mama anayeongea sana au yule mzee anayelalamika. Huhitaji kuongea mengi, wewe nenda tu ukae naye.

Tuombe: Ee Mungu, uliyempenda Teresia katika ukimya wake, utufundishe kufunga mlango kwa ajili yako na kuufungua kwa ajili ya jirani. Amina.

Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, utuombee.